Saa Kumi na Nane za Ziara ya Nne

Jumamosi, Septemba 2006. Imebaki wiki moja tufunge.

Joto limewahi mwaka huu. Upepo wa kusi umelegea, bati la kibanda changu hapa Magomeni linalia kwa jua tangu saa tatu, na mashine ya kusaga ya jirani ilikatika mkanda jana, kwa hiyo kuna kimya ambacho sijakizoea. Umeme umekuwepo tangu asubuhi mpaka sasa alasiri. Mtu wa Mtwara anajua kwamba siku ya namna hiyo inastahili kuandikwa hata kama hakuna lingine la kuandika.

Lingine lipo.

Wasomaji wa ukurasa huu nimewahesabu. Mko wanne, na mmoja ni mimi mwenyewe ninapoufungua pale duka la intaneti kuhakikisha maandishi yamepanda. Kwa hiyo naweza kusema ukweli bila kuogopa umati.

Mimi ni fundi redio. Nimeishia darasa la saba, mengine yote nimejifunza kwa kuunguza vidole. Miaka mitano iliyopita ofisi moja ilitupa kompyuta iliyokufa. Niliiomba, wakacheka, wakanipa. Ilinichukua siku kumi na moja kuifufua, na katika sidii zilizokuja nayo nikakuta programu ya anga. Programu yenyewe ni ya bure, watu wa mbali wameitengeneza kwa kujitolea. Unaiambia umesimama wapi duniani na ni saa ngapi, inakuonesha nyota zilivyo juu yako saa ile. Ukitaka unaondoka ardhini, unaruka mpaka Zohali, unazunguka pete zake kama mtu anayekagua kisima.

Ndani yake kuna kitu wanakiita ziara. Unaiandikia mashine maagizo mstari kwa mstari: nenda Mwezini, simama sekunde kumi, geukia kusini, cheza sauti hii. Mashine inamshika mtazamaji mkono na kumtembeza. Ziara zilizokuwemo zilikuwa za kwao, kwa lugha yao na anga lao. Zilianza na nyota ya kaskazini, ambayo hapa Mtwara haijawahi kuchomoza na haitachomoza. Nikasema basi tutaandika za kwetu. Tukaandika sita. Mistari mia nne na kumi na mbili.

Nimesema tukaandika. Tulikuwa wawili. Nitafika hapo.

Watu wanadhani ziara ikiandikwa imeandikwa. Walionakili zetu na kuzigawa Dar es Salaam kwenye sidii zao, wakafuta majina yetu, nao wanadhani hivyo. Hawajui kwamba programu hutoa toleo jipya kila baada ya miezi kadhaa, na kila toleo linavunja kitu. Agizo lililokuwa likiitwa hivi sasa linaitwa vile. Picha iliyokuwa hapa imehamishiwa kule. Miezi ya Mshtarii inaongezeka kila nikigeuza kichwa. Mtu lazima akae, afungue faili moja moja, arekebishe, ajaribu, arekebishe tena. Mtu huyo ni mimi. Katika miaka mitatu nimefanya hivyo mara saba na sijapata barua hata moja ya kusema ahsante. Nimepata mbili za kulalamika.

Halafu mwezi uliopita wakamshusha Pluto.

Nilisikia redioni, redio ya mteja, kifuniko kikiwa wazi na bisibisi mkononi. Wataalamu wamekaa mkutanoni wamepiga kura, Pluto si sayari tena kama wenzake, sayari sasa ni nane. Sina ugomvi na sababu zao. Nimezisoma na kamusi pembeni, zina mantiki. Ugomvi wangu ni mwingine. Wao wamenyoosha mikono na kwenda kula chakula cha mchana, mimi hapa Magomeni nina ziara sita zinazosema tisa.

Nilihesabu. Neno "tisa" linatamkwa mara kumi na saba.

Na kila mara linatamkwa na Mwalimu Somoe.

Sasa nimefika.

Mwalimu Somoe alikuwa akifundisha jiografia katika shule ya kijiji kimoja huko chini, karibu na Ruvuma inapomwaga maji baharini. Ananizidi miaka sita. Alikuja kwangu na redio ya shule iliyokufa, akakuta Zohali kwenye kioo cha kompyuta, na hakuuliza tena habari za redio. Aliuliza kama hiyo pete inaweza kusemewa kwa Kiswahili. Tangu siku ile kwa mwaka mzima alikuwa anapanda mjini kila Jumamosi. Maandishi yote ya ziara ni yake, maagizo yote ya mashine ni yangu. Sauti tulirekodi humuhumu kibandani. Tulitundika mablanketi mawili mlangoni ili mashine ya kusaga isituingilie, joto likawa la tanuri, akawa anasoma huku akijipepea kwa daftari la wanafunzi. Ukisikiliza kwa makini ziara ya pili, unalisikia daftari lenyewe.

Watu walisema waliyosema. Hayakuwepo. Kilichokuwepo ni watu wawili wenye umri wao wakibishana kama useme "nyota imezimika" au "nyota imekufa". Alishinda yeye. Imekufa.

Ni miaka mitatu sasa hatujazungumza.

Sababu mpaka jana nilikuwa naisimulia hivi. Tulipeleka ziara ya nne kwenye shule yake, mbele ya wazazi, yeye akiisoma mwenyewe kwa mdomo, kwa sababu alisema wazee watamwamini mtu aliye hai kuliko spika. Akasoma ukurasa usio wake. Ziara ikaharibika mbele ya kijiji. Nikasema ukweli, akanuna, akaacha kuja. Nimeisimulia hivyo kwa wateja, kwa jirani wa mashine, kwa ndugu zangu kule Ufukoni, na nadhani hata humu nimewahi kuigusia.

Basi. Wiki hii mwalimu mkuu mpya wa shule ileile amenitumia mtu. Amesikia kulikuwa na ziara ya mwezi mwandamo, ndiyo ile ya nne. Anaiomba Jumanne, kabla ya mfungo, wanafunzi na wazazi wao waone namna mwezi mwembamba unavyokaa magharibi na kwa nini siku moja unaonekana na siku moja hauonekani. Nilikubali. Niliona ni nafasi ya kuzisafisha zote sita kwa mpigo: toleo jipya, Pluto, na hiyo ya nne ambayo tangu siku ile niliitia kwenye disketi na kuiandikia kwa wino mwekundu USITUMIE.

Leo asubuhi nilianza na zile tisa kumi na saba.

Njia sahihi ilikuwa moja, kumwomba Mwalimu Somoe atamke neno moja. Nane. Hata kwa simu ningeweza kulirekodi. Namba yake ninayo, alihamia Kitaya na ana simu. Nilikaa na simu mkononi kama dakika kumi, nikaiweka mezani, nikafanya kama ninavyofanya redio isipokuwa na spea. Nikatafuta kipuri kwenye redio nyingine.

Nilipitia rekodi zake zote kutafuta mahali aliposema nane. Nikapata. Ziara ya kwanza, anaposema mwanga wa jua hutumia dakika nane na kitu kutufikia hapa tulipo. "Dakika nane." Nikalikata lile nane, nikalibandika mahali pa tisa ya kwanza. Likaingia. Nikabandika la pili, la tatu. Nilijiona hodari, sitaficha. Nilifikiri, tazama, simhitaji.

Halafu nilisikiliza tangu mwanzo.

Siku ile ya dakika nane alikuwa anakaribia kucheka, kwa sababu jogoo wa jirani alikuwa ameingia chini ya meza. Kicheko chenyewe kimo ndani ya neno. Sasa kila sayari zinapohesabiwa, sauti yake inakwenda kwa utulivu, sayari zetu ni, halafu inacheka kidogo, nane, halafu inarudi kwenye utulivu. Mara ya kwanza inapendeza. Mara ya tatu nilisikia ubaya wake. Mtu amechokozwa acheke mahali ambapo hakutaka kucheka. Na jogoo yule aliliwa sikukuu ya mwaka uleule.

Nikaziacha. Nikafungua ziara ya nne.

Nieleze tofauti yake, kwa sababu kila kitu kiko hapo. Zile tano nyingine zinaondoka ardhini papo hapo, na ukiwa unazunguka Zohali hakuna anayejali hapa Mtwara ni saa ngapi. Ya nne haiendi popote. Imesimama ufukweni, chini ya anga letu, jioni baada ya magharibi, inaangalia juu. Ni ziara pekee kati ya sita ambayo lazima uiambie mashine saa. Toleo jipya limebadilisha namna ya kuandika saa, kwa hiyo ilinibidi nishuke mpaka mstari wenyewe. Mstari wa tisa.

Mstari wa tisa unasema 1:20.

Niliutazama. Nikainuka nikanywa maji. Nikarudi, bado unasema 1:20.

Kwenye karatasi Mwalimu alikuwa ameandika "saa 1:20 usiku", yaani saa moja na dakika ishirini, kama anavyoandika kila mtu hapa, giza likiwa limeanza na mwezi mchanga haujazama. Mashine haijui usiku wala mchana wetu. Yenyewe inaanza kuhesabu katikati ya usiku. Kanuni naijua, niliwahi kuiandika kwa chaki juu ya mlango huu: saa za mchana jumlisha sita, saa za usiku jumlisha kumi na nane. Moja na ishirini usiku ni kumi na tisa na ishirini. Mtoto wa darasa la nne angeweza. Mimi nilinakili ilivyo kwenye karatasi, moja, nukta mbili, ishirini, na mashine ikanielewa vizuri kabisa: saa saba na dakika ishirini za usiku wa manane, watu wamelala, mwezi uko upande wa pili wa dunia.

Kumi na nane. Ndicho nilichosahau.

Siku yenyewe ilikuwa hivi. Tulipanga projekta ya kuazima na jenereta darasani, tukaziba madirisha kwa mikeka kwa kuwa ilikuwa saa nne asubuhi. Wazazi walijaa, wamekuja na shughuli zao, wengine wametoka kumenya mihogo na mikono bado ina unga wake. Kabla hatujawasha, Mwalimu alininong'oneza.

"Saa umeigeuza, Fundi?"

Hakuwa ananichokoza. Mama yake ni wa ng'ambo, Msumbiji, na ng'ambo saa yao iko nyuma yetu kwa saa moja. Amekulia katika nyumba ambayo ukisema saa unaulizwa ya upande gani. Ni mtu pekee ninayemfahamu ambaye angekumbuka kuuliza swali hilo.

"Mwalimu, wewe soma," nilimwambia. "Namba niachie mimi."

Akasoma. Tazameni kusini, Msalaba wa nyota unakaribia kusimama wima. Ukutani Msalaba ulikuwa umelala ubavu chini kabisa, karibu na mstari wa dunia, na juu yetu ametanda Nge wa nyota ambaye hakutajwa popote. Minong'ono ikaanza. Akaendelea, sauti haikutetemeka, sasa geukieni magharibi, mwezi mwandamo huo, mwembamba kama ukucha. Tukageuka. Magharibi nyota tupu.

Tukangoja. Ndiyo aibu ninayoikumbuka zaidi, kwamba darasa zima liliungojea mwezi kwa heshima, kama wanavyoungojea kweli. Halafu baba mmoja wa nyuma, mkulima wa korosho anayejulikana kwa maneno yake, akasema polepole:

"Mwalimu, mwezi wako umevuka kwenda kwa wajomba?"

Darasa likaanguka kwa kicheko. Wajomba zake wote wako Msumbiji, kila mtu alijua. Mwalimu mkuu wa wakati ule akanigeukia mimi, fundi, mtaalamu kutoka mjini, aniulize kuna nini. Mashine ilikuwa yangu, mstari ulikuwa wangu, jenereta inanguruma, macho yote yako kwangu.

Nikasema, "Mashine iko sawa. Mwalimu amesoma ukurasa sio."

Alifunga daftari, akaning'iniza miwani shingoni, akaenda kukunja mikeka ya madirisha. Mwanga ukaingia.

Tangu siku ile watoto walimwita Mwezi wa Msumbiji. Nilisikia baadaye, kwa mtu aliyeleta redio. Kwa mwalimu aliyezaliwa hapa, akasomea hapa, akafundisha watoto wa hapa miaka ishirini, na bado akikosana na mtu anaambiwa arudi kwao, jina hilo si utani. Mwaka uliofuata aliomba uhamisho. Na mimi niliposikia nilisema ana hasira za bure.

Miaka mitatu nilikuwa nimekasirika. Nataka niiandike hesabu hii vizuri maana ndiyo kazi yangu. Nilikuwa nimekasirika kwamba amesusa kazi. Kwamba ameniachia matoleo saba nirekebishe peke yangu. Kwamba hata salamu za Idi hakutuma. Nilijiona mtu aliyeachwa, na nilizoea kujiona hivyo mpaka ikawa kama kiti. Naingia kibandani, nakikalia.

Na muda wote huo jibu lilikuwa mita moja kutoka kwenye kiti hicho, ndani ya disketi yenye wino mwekundu ulioandikwa na mimi. Sikuifungua hata mara moja. Fundi gani anaandika "mbovu" juu ya redio bila kufungua kifuniko? Mimi. Kwa redio ya mteja nisingethubutu.

Kwa nini sikuifungua?

Nadhani sehemu yangu moja ilijua.

Baada ya adhuhuri nilimwandikia meseji. Nilifuta mara nne. Ya kwanza ilikuwa na sababu: jenereta, haraka, umeme ulikatika usiku uliotangulia kwa hiyo sikuijaribu ziara. Zote za kweli. Nikazifuta. Ya pili ilikuwa inamalizia kwa kumwomba neno nane, nikaona haya, yaani hata toba yangu ina oda ndani yake. Niliyotuma ilikuwa hii:

"Mwalimu Somoe, shikamoo. Saa sikuigeuza. Niliandika 1:20 kama ilivyo. Wewe ulisoma sawasawa."

Nikaweka simu juu ya kompyuta nikaanza kusafisha vumbi ambalo halikuwepo.

Jibu lilikuja baada ya dakika arobaini na tatu.

"Marahaba. Nilijua siku ile ile. Nge hakai juu saa moja usiku mwezi wa tano."

Niliisoma nikafurahi, ndivyo nilivyo, nilifurahi kabla sijafikiri. Alijua. Alijua na hakunisema. Wakati wazazi wanacheka angeweza kunyoosha kidole ukutani kwa Nge yule na kuniumbua palepale, na akakunja mikeka. Nikaanza kuandika jibu refu, la kushukuru, na pengine mwishoni kabisa lile neno. Sijafika nusu, simu ikalia tena.

"Lakini ulinisema mbele ya watu, Fundi. Hii meseji nimeisoma peke yangu."

Ile ndefu niliyokuwa naiandika nikaifuta.

Nilikaa. Jirani alikuja kuazima koleo, akaniuliza kama nimefiwa. Nikasema hapana. Akasema basi nikae vizuri. Akaenda zake.

Nimeisoma meseji ile labda mara ishirini na sasa naielewa kama ninavyoelewa mchoro wa redio. Makosa yalikuwa mawili na mimi nimelipia moja. La kwanza la namba, hilo linarekebishwa hapa, kwenye mstari wa tisa, na limekwisha rekebishwa, mstari sasa unasema 19:20. La pili halikutokea hapa. Lilitokea darasani mbele ya wazazi, saa nne asubuhi, madirisha yamezibwa kwa mikeka. Haliwezi kurekebishwa kutoka Magomeni.

Kwa hiyo leo alasiri nimefanya mambo matatu, na nayaandika hapa ili nisije nikayapunguza kesho.

Nimeyatoa yale nane matatu ya kicheko. Neno lake lile limerudi kwenye dakika zake za jua, na jogoo wake.

Kisha nimetundika mablanketi mlangoni. Peke yangu inachukua muda, upande mmoja unaanguka wakati unafunga wa pili. Nikarekodi nane kwa sauti yangu. Mara kumi na saba, moja kwa kila mahali, kwa sababu nikirudia ileile itasikika kama mashine. Sauti yangu ni mbaya, nzito, ya mtu asiyezungumza na mtu kutwa. Sasa ziara zinakwenda hivi: Mwalimu anasema sayari zetu ni, kisha mwanamume anakohoa kidogo na kusema nane, kisha Mwalimu anaendelea. Kiungo kinasikika. Nimekiacha. Sina haki ya kukificha, na kusema kweli nimeisikiliza mara nyingi kuliko inavyohitajika kwa kazi. Ni mara ya kwanza kwa miaka mitatu sisi wawili tuko ndani ya sentensi moja.

La tatu, mwanzo wa ziara ya nne, kabla hata anga halijaonekana, nimeweka sauti yangu tena. Inasema ziara hii iliwahi kuoneshwa kwa saa isiyo yake. Kosa lilikuwa la fundi. Mwalimu alisoma sawasawa. Sekunde kumi na nne. Nilirekodi mara tisa, kwa sababu kila nikifika kwenye "la fundi" naimeza. Kila atakayeinakili, hata wale wa Dar es Salaam wanaofuta majina, itabidi asikilize sekunde hizo kumi na nne au akeshe kuzikata.

Na Jumanne sitaiachia spika pekee. Nitasimama. Yule baba wa korosho atakuwepo, hakosi mahali penye watu. Nitasema kwa mdomo, nikimtazama, kwamba mwezi haukuvuka kwenda popote, mimi ndiye niliyeutafuta usiku wa manane. Atacheka, na safari hii atanicheka mimi. Najua pia kwamba jina likishawashika watoto mdomoni haliondoki kwa tangazo moja. Lakini baadhi ya watoto wale sasa wako madarasa ya juu, watakuwepo, watasikia.

Nimemtumia meseji ya mwisho saa kumi na nusu. "Jumanne, saa nne asubuhi, darasa lile lile. Nitasema mbele ya watu." Sikumwomba aje. Kutoka Kitaya ni safari, na huu si muda wa mtu kuacha shamba, korosho zinakaribia kuanguka. Wala sikumwomba neno. Nane ipo, imekohoa lakini ipo.

Hajajibu. Huko kando ya mto simu mara nyingine hudaka mtandao wa ng'ambo na meseji hukaa njiani. Pengine hajaipata. Pengine ameipata, ameiweka chini, anamenya mihogo.

Mablanketi sijayashusha. Ndani ni giza na joto kama zamani, na nikifunga macho, mkono wangu unasogeza daftari upande ule wa meza aliokuwa akikaa kabla sijauzuia.

Nimeandaa mfuko wa Jumanne: nyaya, disketi mbili, kamba ya mikeka. Ile disketi ya zamani nimeifuta yale maandishi mekundu kwa spiriti, yamebaki kivuli. Kisha nikachukua chaki nikaandika juu ya mlango, mahali pale pale penye kanuni iliyofifia, saa nne asubuhi.

Nne jumlisha sita ni kumi.

Nimeipiga kichwani, halafu kwenye karatasi, halafu kwa mashine. Halafu, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuniuliza, nilijiuliza mwenyewe kwa sauti: saa umeigeuza, Fundi?

Nimeigeuza, Mwalimu.